Mlimani, bondeni au ufukweni: ukihamia Mwanza unachagua hatari ipi

Mtu akihamia Mwanza anauliza kodi ni shingapi, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, daladala inaishia wapi. Sawa, ni maswali ya maana. Ila kuna moja ambalo dalali hawezi kukujibu hata umbane vipi, mvua ya Machi ikishuka hii nyumba inapatwa na nini? Mi ndo ningeanza na hilo, maana jiji hili limekaa kati ya mawe na maji, mawe juu maji chini, na pale katikati ambapo maji ya mlimani yanapita kwenda ziwani ndo watu tumejibana kuliko sehemu nyingine yoyote.

Hamna mtaa usio na la kwake. Kwa hiyo nalinganisha hapa sehemu tatu ambazo wengi wenye kipato cha kuunga unga tunaishia: bondeni kwenye mkondo wa Mirongo na mifereji inayomwagia humo, mlimani kwenye mawe, na ufukweni yaani mialo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na mitaa inayogusana na ziwa. Pembezoni huko Kisesa, Buhongwa, Usagara nitapita haraka tu.

Ninachopimia zaidi ni muda. Hatari inakupa muda gani kabla haijafika, na ikishafika inakaa kwako muda gani. Watu wengi wanapima kwa ukubwa, wanasema lile jiwe pale juu likiporomoka linamaliza familia nzima, kweli kabisa, lakini huyo huyo anayesema hivo anaenda kupanga chumba pembeni ya mfereji ambako maji yanaingia ndani karibu kila msimu na hasemi kitu kwa sababu ameshazoea. Kuzoea nako ni hatari nyingine.

BONDENI

Mirongo ni mto mfupi. Mgeni akiuona Agosti anaweza kucheka, kamkondo kembamba keusi katikati ya takataka, mbuzi wanavuka bila kulowa magoti. Unapita Mabatini, Mbugani, unaingia mjini kati mpaka ziwani. Shida yake haiko chini, iko juu. Milima inayouzunguka ni mwamba, na mwamba haunywi maji, halafu zile sehemu chache zenye udongo tumejenga, tumeezeka bati, tumesakafia na uwanja ili kusiwe na vumbi. Tone likidondoka kule juu linafika mtoni kabla hujamaliza kuanua nguo. Haihitaji mvua ya siku tatu, saa moja ya mvua ya nguvu inatosha. Na chini ya madaraja kuna chupa za plastiki, nepi, magodoro yaliyochoka, matawi, maji yakikosa pa kupita yanapanda barabarani, ndo maana madaraja kama ya Mabatini na Mkuyuni yamewahi kupitiwa na maji kwa juu magari yakasimama pande zote mbili, watu wanapiga picha na wengine wanavuka wakiwa wameshikana mikono, kitu ambacho nakuomba usikifanye kabisa, maji ya kwenye goti yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima na mtaro huwezi kuuona.

Ukitaka kuujua mtaa wa bondeni usiulize, angalia milango. Kizingiti kimeinuliwa kwa tofali mbili na saruji, unaingia ndani kwa kuruka. Kitanda kiko juu ya matofali. Soketi ya umeme ipo usawa wa bega, siyo kule chini kama nyumba nyingine. Na ukuta wa nje umepakwa rangi mpya nusu ya chini tu, rangi ya mafuta, kahawia iliyokoza. Mwenye nyumba atakwambia ni urembo. Pale rangi inapoishia, weka mkono wako, hapo ndo maji yalifika au yalikaribia, na kama ni juu ya kiuno chako shukuru, aga, ondoka.

Muda wa onyo bondeni ni dakika. Ikinyesha mchana unaona mfereji unavyojaa na unaweza kubeba mtoto na begi la vyeti. Ikinyesha usiku wa manane umelala, unashtuka ndala zinaelea. Halafu cha ajabu yanaondoka haraka vilevile, saa sita mchana jua linawaka na watu wanaanika magodoro kama hakukutokea kitu.

Yanayobaki ndo yanayoua polepole. Tope lile siyo tope la shamba. Kuna watu juu huko wanasubiri mvua wafungue mashimo ya vyoo, kutapisha choo tunaita, na kila kitu kinateremka na maji, kinapita sebuleni kwako, kinaingia kwenye kisima kifupi cha jirani. Kipindupindu Mwanza hakijatuacha miaka yote hii na hakitokei hewani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hiyo wiki baada ya mafuriko ni mbaya kuliko mafuriko yenyewe.

Sasa kwa nini watu wanakaa? Kwa sababu siyo wajinga. Bondeni unatembea kwa mguu mpaka Mlango Mmoja, mpaka sokoni, nauli ya kwenda na kurudi inabaki mfukoni, na kwa mama anayeuza uji saa kumi na moja alfajiri hiyo nauli ndo faida yenyewe. Chumba kinapatikana kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja, mwenye nyumba haulizi mengi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "hama bondeni" bila kumwambia atafikaje sokoni umempigia kelele tu. Ila nasisitiza, biashara yako inaweza kuwa bondeni bila watoto wako kulala bondeni, na hata hiyo biashara weka mzigo kwenye shelfu kuanzia usawa wa kifua, gunia la mchele likilowa limeondoka na mtaji wote.

MLIMANI

Huku ndo Mwanza ya kwenye picha, nyumba zimebandikwa kwenye mawe, Igogo, Mabatini juu, Isamilo ya huku kwetu wa kawaida, Nyakabungo, Kitangiri, Kirumba upande wa juu. Maji hayakufuati, upepo unao, mbu wachache, ziwa unaliona lote kama uko hoteli ya Capri Point. Kupanda ndo kodi ya pili.

Hatari kubwa anayoijua kila mtu ni jiwe, na habari za jiwe kuangukia nyumba wakati wa mvua hapa zimesikika zaidi ya mara moja. Lakini mawe siyo aina moja na hapa ndo watu wanachanganya. Kuna mwamba mama, ule ambao ni mlima wenyewe, umeota kutoka chini, huo utakuzika wewe na wajukuu na hautasogea. Na kuna jiwe la kukaa, lile kubwa kama nyumba ambalo limewekwa tu juu ya mengine au juu ya udongo. Granaiti yetu inapasuka kwa joto la mchana na baridi la usiku, maji yanaingia kwenye ufa, mizizi ya mti inaingia, miaka maelfu, mwisho mawe yanabaki yamepangana. Hayo yalikuwa yametulia mpaka tulipokuja sisi. Mtu anachimba chini ya jiwe apate usawa wa kiwanja. Mwingine anawasha matairi juu ya jiwe lipasuke apate kokoto za kuuza. Wa tatu anamwaga maji ya kufulia nyuma ya nyumba kila siku, udongo uliokuwa umeshikilia unakuwa uji.

Kwa hiyo ukienda kuangalia chumba mlimani, kabla hujaangalia sakafu zunguka nyuma ya nyumba na uinamie kwenye kitako cha jiwe lililo juu yako. Limekaa kwenye nini? Kama ni mwamba kwa mwamba, sawa. Kama ni udongo, na udongo una mfereji mdogo mpya uliochimbwa na maji, hapana. Kama kuna mtu amepachika vijiwe chini yake kama kabari, hapana kubwa, maana huyo aliyepachika aliona linasogea. Angalia na ufa, ufa wa zamani una ukungu na majani ndani, mpya ni msafi, rangi yake imeng'aa.

Ukishahamia nazo dalili zipo na zinakuja taratibu, hiyo ndo faida ya mlimani. Mlango uliokuwa unafunga vizuri unaanza kugoma, ukuta wa kuzuia udongo unatoa tumbo, mti unainama, maji ya tope yanaanza kutoka sehemu ambayo hayakuwahi kutoka. Hapo una siku, pengine wiki. Wengi wanaopata madhara walikuwa wameziona, tatizo kodi ilikuwa imelipwa ya miezi sita na mwenye nyumba hajibu simu.

Kuna funzo la Hanang ambalo watu wa mlimani walilielewa kinyume. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti viliteremka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 walikufa. Huku Mwanza nikasikia watu wanasema "umeona, mlimani hapafai". Sasa angalia waliokufa walikuwa wapi. Walikuwa chini, tambarare, pale makorongo yanapotokea. Hanang ni mlima wa volkano wenye udongo mwingi, siyo rundo la granaiti kama letu, kwa hiyo tope la ukubwa ule sitegemei hapa, ila kanuni ya korongo ni ileile, kinachoanguka juu kinakusanyika kwenye njia ya maji na kinapigia mdomoni. Kwa hiyo ukilinganisha mlimani na mlimani, sehemu mbaya zaidi ni mguu wa mlima na kando ya korongo, halafu katikati kwenye mteremko wenye udongo, na mgongoni juu ya mwamba ndo pazuri. Wenye pesa wanapenda chini kwa sababu gari linafika. Basi.

Gari kutofika ndo hatari ambayo haizungumzwi. Mama ameshikwa uchungu saa nane usiku, mvua inanyesha, ngazi zimechongwa kwenye jiwe na zinateleza, vijana wanne wanambeba kwenye kiti cha plastiki. Nyumba ikiwaka moto gari la Zimamoto linaishia barabarani na mpira haufiki. Mzee mwenye presha akipanda mara mbili kwa siku anaacha kushuka kabisa, unakuta hajaenda kliniki miezi. Kwa familia mi nasema mlimani ni bora, na nasimamia hapo, ila kwa mtu mwenye ulemavu wa miguu au mgonjwa wa figo anayehitaji hospitali kila wiki hesabu inageuka, huyo mtafutie tambarare iliyo mbali na mfereji hata kama ni chumba kidogo.

Maji ya bomba nayo kupanda kwake ni kwa huruma ya presha, na vyoo kuchimba kwenye mwamba haiwezekani, ndo asili ya kutapisha. Kuna mitaa ya milimani imeunganishwa na mfumo wa majitaka wa mabomba membamba uliojengwa kwa ajili ya maeneo ya namna hiyo, ukipata nyumba iliyounganishwa humo ongeza hata kidogo kwenye kodi, inastahili.

UFUKWENI

Hapa watu wanadanganyika kwa sababu ziwa limetulia. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 tu, yaani ni pana sana na siyo refu kwenda chini. Maji yake mengi, karibu asilimia 80, hayaletwi na mito, yanadondoka moja kwa moja kama mvua juu ya ziwa lenyewe. Na mlango wa kutokea ni mmoja, Nile, pale Jinja Uganda. Kwa hiyo mvua ikizidi Bukoba, Kisumu, Entebbe, popote kuzunguka ziwa, maji yanakuja kuhesabiwa na kwako Kayenze, ufukweni hapa Mwanza, hata kama Mwanza yenyewe haikunyesha sana. Bukoba pekee inapata mvua kama mara mbili ya hapa kwetu.

Mwaka 1964 ziwa lilipanda mpaka rekodi ambayo wazee waliitumia kama hadithi, ikakaa zaidi ya miaka 50, mpaka Mei 2020 kipimo cha usawa wa maji pale Jinja kikasoma mita 13.42 na rekodi ikavunjwa. Halafu 2024 ikavunjwa tena. Katikati hapo, 2005 na 2006, ziwa lilikuwa limeshuka sana, fukwe zikawa pana, watu wakaona ardhi mpya. Ukiuziwa kiwanja ufukweni na muuzaji anasema "hapa toka niko mdogo ni pakavu", muulize alizaliwa lini.

Ulinganisho na bondeni uko hapa. Bondeni maji yanakuja kwa dakika yanaondoka kwa saa. Ziwa linakuja kwa wiki, kidole kimoja leo, kidole kimoja kesho, na likishaingia linakaa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Onyo unapewa la kutosha kabisa, na ndo maana karibu hakuna anayekufa kwa ziwa kupanda, lakini ukipoteza umepoteza moja kwa moja. Nyumba ya tofali za kuchoma ikikaa na maji miezi mitatu msingi unalainika, huirudishi. Choo kinajaa kwa chini, yaani maji yanapanda kutokea shimoni. Vichanja vya kuanikia dagaa vinahamishwa juu, vinabanana na vya wengine, na mama ambaye eneo lake lilikuwa pale mbele kabisa ya mwalo, pazuri kuliko wote, ndo wa kwanza kukosa pa kuanika na hana karatasi ya kuonyesha kwamba palikuwa pake. Watoto wanacheza kwenye maji yaliyotuama, kichocho kinapata nafasi, na fukwe zetu kichocho kilikuwepo hata kabla.

Halafu sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Kwa mpangaji hii inamaanisha siku yoyote unaweza kuamka ukuta una alama ya X. Kwa mnunuzi inamaanisha umenunua kitu ambacho fidia yake utaitafuta sana. Na tukumbuke, mita 60 zinahesabiwa kutoka kwenye maji, na maji yenyewe yanahama, kwa hiyo aliyejenga mita 70 mwaka 2006 anaweza kujikuta hayupo tena mita 70. Ndo maana nasema ufukweni usinunue. Panga, na panga juu.

Kwa mvuvi sasa hatari yake haipo kwenye nyumba. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kuja huku, mvua ya alasiri inapiga milimani. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo kutoka pande zote zinakutana katikati ya ziwa na mawingu yanapanda juu, dhoruba inakomaa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Na dagaa anavuliwa saa ngapi? Usiku, giza la mwezi, kwa taa. Yaani saa ambazo ziwa ni baya ndo saa za kazi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa ziwa zima, nchi zote tatu, ni watu 3,000 mpaka 5,000 wanaokufa majini kila mwaka, na hata ukikata nusu bado ni msiba ambao mafuriko ya mjini hayaufikii. Hauonekani kwa sababu wanakufa wawili hapa, watatu kule, mtumbwi unarudishwa na mawimbi mtupu.

Familia ya uvuvi kwa hiyo ikinisikiliza ningesema nyumba ikae mlimani jirani na mwalo, kwa mfano Kirumba juu badala ya Kirumba chini, na pesa inayookolewa kwa kutojenga kibanda ufukweni inunue laifu jaketi za mabaharia wote siyo ya nahodha peke yake. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa ziwa, na maneno yao yana ngazi, ANGALIZO, kisha TAHADHARI, kisha TAHADHARI KUBWA. Wengi wakisikia "angalizo" wanaenda, na mara nyingi wanarudi salama, hapo ndo mazoea yanapojengeka. Ya katikati ikitoka, mtumbwi ulale. Tajiri mwenye chombo atalalamika, na kwa kweli hili la nani anaamua kutoka usiku ule, tajiri aliyelala kwake au vijana wanaopanda, lingepewa mjadala wake mzima.

RADI NA TETEMEKO

Hizi mbili hazichagui mtaa ila zinachagua ujenzi.

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi kupita kawaida. Januari 2025 wanafunzi 7 wa sekondari walikufa wilayani Bukombe, mkoa wa Geita, radi ilipopiga shuleni. Mlimani uko juu zaidi, ziwani wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote, bondeni uko afadhali, hapa bondeni inapata alama. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka mngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, ikiwa chini ya thelathini uwe ndani ya nyumba imara, siyo chini ya mwembe wala kwenye banda la bati la kuchezea pool, na usubiri nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho. Na hapana, nguo nyekundu haiiti radi, na anayesema radi imetumwa na jirani anatupotezea muda wa kudai shule ziwekewe vizuia radi.

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, liliua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, na hata hapa Mwanza vyombo vilitikisika kabatini. Zilizoanguka zaidi zilikuwa za udongo na za tofali zisizo na lenta. Kwa hiyo popote utakapopanga, tazama juu ya madirisha, kama kuna mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima uko sawa, kama kuna kipande cha ubao juu ya kila dirisha ujue ukuta unajishikilia wenyewe.

PEMBEZONI

Kisesa, Buhongwa, Usagara, Nyamhongolo, huko tambarare zipo na viwanja vimepimwa vingine. Mawe hayakusumbui, ziwa liko mbali. Usumbufu ni nauli, na mbuga. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, nyumba inapasuka nayo, na maji yanatuama wiki. Ukiambiwa kiwanja ni rahisi mno tembelea Aprili, siyo Agosti.

SASA UCHAGUE VIPI

Ukiwa na watoto wadogo na kazi mjini, mlimani kwenye mwamba, mbali na korongo. Hata ukipanda ngazi mia unalala usiku wa mvua. Ukiwa peke yako kijana unatafuta maisha na pesa inabana, bondeni unaweza kwa msimu, ila chukua ghorofani kama ipo au chumba cha mbele, vyumba vya nyuma vinavyopakana na mfereji ndo vinaanza kujaa na mlango wa kutokea unakuwa upande uleule maji yanapotokea. Mwenye mzee au mgonjwa, tambarare ya juu, maeneo kama Nyakato ya mbali na mfereji, lipa hiyo nauli. Mstaafu mwenye kiinua mgongo anayeota nyumba ya ufukweni na garden, baba, nakuheshimu, nunua mita 200 kutoka majini, upande wa juu, ziwa utaliona vilevile.

Wanaoumia zaidi kote huku ni wapangaji, nasema hivi kwa sababu misaada ikija inaandika kaya kwa jina la mwenye nyumba. Mwenye nyumba anapata bati na saruji, mpangaji aliyepoteza godoro, jiko la gesi, sare za watoto na mtaji wa mkaa hayumo kwenye daftari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo ukihamia tu, kabla ya mvua yoyote, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujiandikishe wewe na idadi ya watu wako, na muulize kamati ni akina nani. Akikuangalia kama umeuliza habari za mwezini umeshapata jibu kuhusu mtaa huo.

Siku ya kwenda kuona chumba usiende na dalali peke yake. Zungumza na mpangaji wa chumba cha pembeni, ikiwezekana mama aliyekaa muda, muulize, "Shikamoo mama, Aprili iliyopita mlilala hapa hapa au mlihama?" Anajibu kabla hujamaliza swali. Kisha angalia kama kuna njia ya pili ya kutoka uani mlango mkuu ukizibwa na maji au kifusi, na swichi kuu ya umeme iko wapi na nani ana funguo za chumba ambamo imo, kwa sababu maji yakiingia usiku cha kwanza ni kuzima umeme na mara nyingi meini swichi iko ndani kwa mwenye nyumba ambaye amesafiri. Kodi omba ulipe miezi mitatu badala ya sita kama nyumba iko bondeni au chini ya jiwe, na kwenye mkataba iandikwe kwamba nyumba ikiharibiwa na maji au maporomoko salio la kodi linarudi. Wengine watakataa, wengine watakubali, ila atakayekasirika kwa kuulizwa tu ujue anajua kitu.

Zimamoto na Uokoaji ni 114, bure, isevu kwenye simu ya kila mtu mwenye simu humo ndani pamoja na namba ya mwenyekiti na ya bodaboda mmoja anayekaa mtaa huo.